Tausi Hachanjwi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nyumba kimya. Mke wangu aliondoka jana na mto wake wa kulalia. Mtu akiondoka na kikapu, huyo atarudi. Akiondoka na mto, huyo kaamua.

Ndiyo maana nimeanza kuandika. Shule nilisoma kidogo, lakini mwalimu aliusifu mwandiko wangu mbele ya darasa zima. Na sasa sina mtu wa kukaa anisikilize.

Sababu ni ngamia. Ninaye Tausi, ngamia jike, mwenye maziwa mazito kuliko ngamia yeyote pande hizi, na ninaye ndama wake. Daktari wa mifugo, binti mwembamba mwenye mabuti yanayomzidi, anataka kuwachoma sindano wote wawili. Anasema ngamia nao wana korona yao, binamu wa ile iliyotufungia ndani. Ngamia mwenyewe haumwi sana, mafua tu yanampitia. Lakini akimpumulia mtu mwenye kifua kibovu, mtu huyo anaweza kwenda asirudi. Kwa hiyo anachomwa ngamia ili apone binadamu.

Nilimjibu mkutanoni, watu wote wakisikia, kwamba nimefuga ngamia tangu mama yake hajazaliwa, na sijaona maiti ya mtu aliyeuawa na chafya ya ngamia. Ya teke nimeiona. Ya chafya, bado. Watu walicheka sana. Yule binti aliendelea kueleza mengi mengine. Sikuyasikia, maana nilikuwa bado naongea.

Sasa, mke wangu ana pumu. Ya miaka. Zahanati wamemwambia asikae boma moja na ngamia asiyechanjwa. Amenisubiri mwezi mzima nibadili neno. Jana akasema kwa upole, na upole wake ndio mbaya: Tausi akichanjwa, nitumie habari. Akaenda kwa binti yetu, mtaa wa pili.

Nilimwambia mlango ni uleule, wa kutokea na wa kuingilia. Kubembeleza sijazoea.

Nimepika wali. Umeungua chini, juu mbichi. Sikujua jambo hilo linawezekana.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kituo cha maziwa wameyakataa maziwa yangu. Yangu mimi.

Anayepokea pale ni mwanamke tunayemwita Mama Mizani, kwa sababu hajawahi kumzidishia mtu hata tone. Ngamia aliyechanjwa hupakwa mstari wa buluu upande wa kushoto wa shingo. Na kwa kuwa sisi wafugaji tunakwenda pale na ngamia wenyewe wamebeba madumu, hakuna pa kujificha. Mama Mizani akarefusha shingo yake kuitazama ya Tausi. Akasema hamna mstari, hamna mizani. Nikamuuliza kwani maziwa yanakamuliwa shingoni. Akasema mzee wangu, sogea kando, wenzako wana haraka.

Kusogea kando maana yake ni kusimama chini ya picha.

Picha yenyewe ni ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tunamwita Kipaza, kwa sauti yake. Wamembandika ukutani, mkubwa kama mlango, mkono shingoni kwa ngamia wake, meno yote nje. Chini imeandikwa MCHANJE NGAMIA, MLINDE UMPENDAYE. Ngamia wake ndiye aliyependeza.

Niandike ukweli, daftari ni langu. Siku ile watu wa picha walikuja kwanza kwangu. Walikuwa wanatafuta mzee anayejulikana kwa ngamia. Nikawaambia ngojeni nibadili shati. Nilipotoka na shati, walikuwa wameshavuka barabara kwa Kipaza. Sisemi kwamba ndiyo sababu ya kukataa chanjo. Nimekataa kwa msimamo. Ila msimamo ulianza siku hiyo.

Maziwa nisingeyamwaga. Nimeyanywa. Yote. Anayeyajua maziwa ya ngamia anajua yaliyonipata. Asiyejua asijaribu. Mchana mzima nimekuwa chooni, na huko nimepata nafasi nzuri ya kufikiri.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimewachanja mwenyewe. Bila sindano.

Nilikusanya majani makali ya kila aina, nikayawasha katika sufuria iliyotoboka, nikafukiza zizi zima. Korona gani itakaa humo? Hata mimi nilishindwa kukaa. Tausi alitoa machozi. Ndama alikohoa. Jirani aliyekuwa akipita alikuja na ndoo ya maji mbio, akanimwagia mimi.

Baada ya hapo nikawafunga kamba, nikawapeleka wote wawili mpaka kwenye geti la binti yangu ili mke wangu aone kwa macho yake. Mkwe wangu, yule mwalimu, alikuwa ameanika mashati yake meupe uani. Nikaita. Mke wangu akafungua dirisha, leso puani. Nikamwambia mnyama yuko safi, nimemsafisha mwenyewe, kusanya mto twende. Akauliza nimemsafisha na nini. Nikamwambia na moshi. Akauliza, moshi? Mimi mwenye pumu umeniletea kitu kinachonuka moshi?

Hapo sikuwa nimefika katika mawazo yangu.

Wakati natafuta jibu, ndama akapitisha kichwa juu ya geti akapiga chafya. Chafya ya ndama wa ngamia si ya kuficha. Mashati manne. Mkwe alitoka akayatazama, akanitazama, akasema shikamoo baba, akarudi ndani. Kijana ana adabu, lakini mlango aliubamiza.

Mke wangu hakucheka. Alisema pale dirishani: Mimi sikukuondokea kwa hasira, mume wangu. Nimeondoka kwa sababu ya kifua. Kisha akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula vizuri sana. Akasema shati umelifunga vifungo upogo.

Nimerudi. Njia nzima Tausi alitembea nyuma yangu kama anayemsindikiza mgonjwa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Leo naandika nikiwa nimekaa kama mfalme.

Asubuhi nilipita kwa fundi mageti, yule anayechomelea karibu na kisima. Alikuwa na kopo la rangi, mabaki ya geti la shule. Buluu. Buluu ileile! Nikamwambia nataka kupaka kiti. Hakuuliza kiti gani.

Kumpaka ngamia si kazi ya mchezo. Ukipaka shingo, shingo inageuka kukutazama. Mstari wa kwanza ulipita kwenye sikio lake. Wa pili ulipita kwenye kofia yangu. Wa tatu ulikaa, umenyooka, mzuri kuliko wa madaktari. Ndama nikampaka pia. Wa kwao umefifia kama chaki iliyonyeshewa. Wa kwangu unang'aa.

Kituoni Mama Mizani akachungulia, akasema eh, hongera mzee, hatimaye. Nami nikasema hatimaye. Nikapimiwa. Nikasimama pale mbele ya ile picha nikampiga Kipaza jicho. Kumbe Kipaza mwenyewe yuko nyuma yangu. Akanikumbatia kwa nguvu, akapaza kama kawaida yake, kituo kizima kikasikia: Shemeji, umefanya jambo la kiume, sasa dada yangu atarudi nyumbani.

Nilikuwa nimefikiria maziwa. Hilo la dada yake sikulifikiria.

Habari ilinitangulia. Nilipofika nyumbani, mkwe alikuwa ananisubiri mlangoni kuniambia: mama amefurahi sana, anarudi Jumatatu jioni, mto wake ameuanika juani.

Vizuri. Mwanaume nimeshinda kila upande.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Ndama anatoka makamasi. Vumbi.

Leo hakuna upepo. Basi vumbi la jana.

Nimemfuta kwa kitambaa. Kisha nikanawa mikono kwa sabuni. Kisha nikanawa tena. Nimefagia nyumba, nimesugua kikombe cha mke wangu mpaka maua yake yamepungua rangi. Nimehamisha zizi upande wa pili wa boma, mbali na dirisha la chumbani, peke yangu, nguzo kwa nguzo. Jirani akaniuliza kwa nini nahamisha zizi juani. Nikamwambia mgongo unahitaji mazoezi.

Sina wasiwasi. Nimeandika hapa kwamba sina wasiwasi.

Mvua zilizopita kifua kilimbana mke wangu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, pumzi inapiga filimbi kama birika. Nilimshika mgongo. Hapakuwa na kitu kingine cha kufanya, nikawa namshika mgongo tu. Ni mgongo mdogo kuliko mtu anavyodhani.

Lakini hiyo ilikuwa baridi. Haihusiani na ngamia.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siku imeniendesha mbio. Nitaandika kwa mpango.

Nimefika kituoni na Tausi na ndama, maziwa mgongoni, shingo zinang'aa. Nikakuta foleni. Mbele ya foleni, mabuti. Daktari wa mifugo amekuja na sanduku lake la barafu. Nikamuuliza Kipaza kuna nini. Akasema shemeji, si ndiyo sindano ya pili, zilisemwa ni mbili tangu mkutanoni. Wenye mstari wa buluu wote wanachomwa leo.

Kumbe ndiyo yale aliyoyasema nilipokuwa naongea.

Nikajaribu kugeuka. Ngamia hageuki upesi, na nyuma yangu kulikuwa na wengine. Mama Mizani akaniona, akampigia daktari kelele: huyo mzee naye ni wako, ana mistari miwili mizuri, mama na mtoto. Watu wakanipisha kwa heshima. Heshima mbaya kama ile sijawahi kupewa.

Ningefanya nini? Niseme hawajachanjwa mbele ya Mama Mizani, na maziwa yangu ya Ijumaa ameyapokea? Mbele ya picha ya Kipaza? Nikapiga moyo konde. Nikamshika Tausi hatamu.

Daktari alimpapasa shingo. Akasimama. Akakwangua ule mstari kwa ukucha, akanusa kidole. Akanisogelea akasema taratibu, wengine wasisikie: baba, hii ni rangi ya geti.

Nikamwambia Tausi ana ngozi ngumu, inahitaji rangi ngumu.

Alitaka kucheka, nilimwona. Kisha kicheko kikamkatika usoni. Akamtazama ndama na makamasi yake. Akaniuliza mama mwenye pumu yuko wapi. Nikasema anarudi leo. Akasema baba, ndama ndio wanaoeneza kuliko wakubwa. Hii ninayowapa leo ni ya kwanza kwao. Ya pili wiki tatu zijazo, na baada ya hapo siku kadhaa ndipo kinga ishike. Mama asilale pale kabla. Maziwa yanachemshwa hapa kabla ya kuuzwa, hapo una bahati. Kwa mama huna bahati ya kuchezea. Utamwambia wewe au nimwambie mimi?

Nikasema nitamwambia mimi. Akanitazama kama mtu anayepima kama daraja litabeba gari.

Akawachoma. Ndama alilia kidogo. Tausi hakulia. Alicheua, akavuta, akatema yote kwa nguvu, na kwa kuwa mimi namjua nilikuwa nimeinama. Kipaza alikuwa amesimama nyuma yangu, anatengeneza kola watu wa picha wampige nyingine. Hiyo picha ilipigwa. Namwomba Mungu waibandike.

Basi. Kumwambia. Nilitembea nyumbani nikipanga maneno. Mke wangu, Tausi hakuwa amechanjwa. Hayo ni maneno machache, hata mtoto anayaweza. Lakini ukishayatoa hayo, yanatoka na ya kopo, na ya kiti, na ya shati, na Kipaza atayasikia, naye ana sauti ile.

Ikabidi nitafute uongo. Ukapatikana: nyumba inapakwa rangi. Harufu ya rangi ni adui wa pumu, hata zahanati wameibandika ukutani. Mtu wa pumu haingii nyumba inayopakwa rangi. Uongo safi. Kasoro yake moja tu, nyumba ilikuwa haipakwi rangi.

Nikaenda kwa fundi mageti, nikachukua debe zima. Akauliza, hicho kiti chako kina ukubwa gani?

Alipotokea barabarani na mto kwapani, nilikuwa juu ya ngazi, ukuta wa mbele nusu umekwisha. Nikamwambia kwa sauti asikaribie, rangi, kifua. Akasimama. Akauliza kwa nini leo, siku ninayorudi. Nikasema nilitaka kukupokea vizuri. Akauliza itakauka lini. Nikasema wiki nne, labda tano. Akauliza ni rangi gani inayokauka wiki tano. Nikasema nzuri.

Alitazama ukuta, akatazama zizi lililohama, akatazama Tausi aliyekuwa amelala anatafuna, akanitazama mimi kwenye ngazi. Muda mrefu. Kisha akasema haya mume wangu, ipake vizuri, usiruke pembe. Akageuka na mto wake.

Nimekaa juu ya ngazi mpaka alipopotea kwenye kona. Macho yaliniwasha. Rangi hii ni kali.

Jumatatu, tarehe 31 Machi

Sindano ya pili. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Si kwa sababu ya kuitaka. Mimi huamka mapema.

Daktari alitaka kuwapaka mstari, akakosa mahali, rangi yangu bado ipo na itakuwepo mpaka Kiyama. Akapaka wake pembeni. Mara moja umeanza kufifia. Nikamshauri aende kwa fundi mageti. Akasema asante baba, nitalifikiria. Watu wa serikali hawapendi ushauri.

Nyumba imekwisha mbele, nyuma, jiko, choo, na kwa kuwa rangi ilibaki, shina la mti. Kila siku mke wangu anamtuma mkwe na bakuli la chakula, na swali moja, kama imekauka. Namjibu bado inashika kidole. Mkwe ameigusa mbele yangu, haikumshika kidole. Akasema ndiyo baba, bado mbichi. Narudia, kijana ana adabu.

Jumapili, tarehe 13 Aprili

Amerudi.

Aliingia na mto, akauweka mahali pake, akafungua madirisha yote. Akasema nyumba inaonekana kutoka sokoni, watu siku hizi wanaelekezana kwayo: ukifika kwa yule mzee wa buluu, kata kulia. Nikamwambia ndivyo mtu anavyojulikana. Kipaza ana karatasi ukutani. Mimi nina ukuta.

Akasema alikutana na daktari wa mifugo, wakasalimiana, na daktari akamwambia nilimpa kazi. Nikasema yule binti anajifunza. Akawa anakoroga chungu, mgongo kwangu, akauliza hii rangi iliyo kwenye kofia yako iliingia kabla ya nyumba au baada ya nyumba. Nikamjibu haraka, kabla. Yaani wakati wa. Akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta. Alicheka mpaka nikaogopa kifua, nikainuka nimshike mgongo, nikasikiliza. Hamna filimbi. Kimya. Pumzi inaingia, inatoka.

Hajui kitu. Nina hakika. Mwanamke akijua jambo hasubiri wiki tano.

Wali leo umeiva chini na juu.

Jumanne, tarehe 15 Aprili

Muuguzi wa zahanati amepita nyumba kwa nyumba. Sasa ni zamu ya binadamu. Wazee wote wakachanjwe mafua keshokutwa, bure, hasa wanaoishi na mtu mwenye pumu. Amesema mnyama akishakingwa, na mwenye mnyama akingwe. Akanitazama mimi na Tausi kama watu wa ukoo mmoja.

Nimemwambia mimi sina historia ya mafua. Nikapiga chafya hapohapo, lakini hiyo ilikuwa pilipili ya jikoni. Mke wangu alisema hana pilipili jikoni.

Kwa upole wake ule ameutazama mto.

Basi nimesema nitakwenda. Kusema ni kitu kimoja. Nimechunguza waliochanjwa mtaa wa juu: wanatoka na kiplasta cheupe begani, hicho tu, ndio ushahidi wote. Na fundi baiskeli ana utepe mweupe wa kufungia mikono ya baiskeli, nimekata kipande, nimekijaribu, kinashika ngozi vizuri kabisa, ila kinang'oa vinyweleo.

Mke wangu amesema atanisindikiza mpaka mlangoni pa zahanati. Aje. Ni mpaka mlangoni tu. Ndani nitakuwa mimi na akili yangu.